Kumlinda Ng'ombe Aliyezaa

Kwetu Nkanka, kando ya ziwa Kivu, watu wengi hudhani ya kwamba ng'ombe akisha kuzaa salama hatari imepita. Kumbe wiki zile za kwanza ndizo zenye hatari nyingi, na hata mwanafunzi mwenye daftari na kalamu aweza kusaidia kuizuia.

Sababu ni hii. Ng'ombe akizaa, maziwa hutoka mengi kwa ghafula, lakini hamu ya kula hurudi polepole. Basi kiwele hutaka zaidi ya kile kiingiacho mdomoni, na upungufu huo hutolewa katika mwili wake mwenyewe.

Hatari ya kwanza huja hasa katika siku tatu za mwanzo. Kalsiamu ya damu hukimbilia katika dang'a. Masikio hupoa, miguu hutetemeka, kisha ng'ombe hulala asiweze kusimama, shingo imepinda ubavuni. Ugonjwa huu huitwa homa ya maziwa, ijapokuwa mwili huwa baridi. Zamani uliua ng'ombe wengi. Mwaka 1897 daktari wa mifugo wa Denmark, J. Schmidt, alitia dawa ndani ya kiwele, na wengi wakapona. Baadaye ikaonekana kwamba hata hewa ya pampu yatosha, kwa maana kiwele kilichojaa huacha kuvuta kalsiamu. Siku hizi daktari huitia kalsiamu yenyewe katika mshipa, polepole.

Hatari ya pili hukawia wiki kadhaa, nayo ni ketosisi. Ng'ombe mwenye njaa ya ndani huyeyusha mafuta ya mwili wake. Yakizidi, ini hushindwa kuyatumia yote, na vitu viitwavyo ketoni hujaa katika damu, mkojo na maziwa. Hii ndiyo niliyoiona nyumbani.

Ng'ombe wetu ni chotara wa Frizia. Tulimpata kwa mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, ambao huipa jamaa maskini ng'ombe mmoja kwa sharti kwamba mtamba wake wa kwanza apewe jirani. Mara mbili alizaa dume. Mara ya tatu akazaa mtamba, na jirani yetu mjane, aliyengoja kwa zaidi ya miaka mitatu, akawa anakuja kumtazama kila jioni. Basi maziwa yale yalikuwa riziki ya nyumba mbili.

Nilipiga mistari katika daftari, nikaandika kila siku lita za maziwa, pumba aliyokula, hali ya kinyesi, kucheua kwake, na joto la mwili. Siku ya 15 alitoa lita 13, siku ya 16 lita 11, siku ya 17 lita 9. Mabingobingo aliyala, lakini pumba aliiacha. Kinyesi kilikuwa kigumu, na pumzi ilinukia utamu kama matunda yaliyoiva mno. Joto lilikuwa 38.6, yaani la kawaida. Watu walisema ni uchovu wa uzazi tu. Mama alipoziona tarakimu zile akasema, "Mwanangu, tusingoje kesho. Kamwite daktari."

Daktari alichovya kikaratasi katika mkojo, kikageuka rangi ya zambarau. Akatia glukosi mshipani, akatuachia propilini glikoli ya kumnywesha siku tano. Baada ya wiki moja maziwa yalirudi lita 12. Alitueleza kwamba tungalichelewa, ng'ombe angalikonda sana, na hata kushika mimba tena kungalikuwa shida. Mtamba alipoacha kunyonya tulimpeleka kwa yule mjane, naye siku ileile alinunua daftari.

Ninyi mlio na ng'ombe nyumbani, shikeni haya. Msimwache anenepe mno kabla ya kuzaa. Badilisheni chakula kidogo kidogo, na maji yasikosekane. Mwangalieni wiki tatu kabla ya kuzaa na wiki sita baadaye, mkiandika kila siku. Akikataa pumba, au maziwa yakipungua siku mbili mfululizo, mwiteni daktari wa mifugo angali amesimama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.