Nilimfukuza Dereva kwa Kosa la Waya

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tulio wakulima hatuwezi tena kufanya kazi bila gari, lakini ni wachache tunaojua kulisikiliza linapougua. Mimi nalikuwa mmoja wa hao wasiojua, na ujinga wangu ulinipotezea fedha na maziwa, tena ulikaribia kunipotezea jamaa yangu. Naandika habari hii ili mwenzangu aonyeke kabla hajafika nilikofika mimi.

Nakaa upande wa Njoro, nami nina ng'ombe wachache wa maziwa na pikapu ya dizeli. Mwanzoni mwa mwaka 2022 aliyeendesha gari hilo ni mtoto wa dada yangu, kijana mpole asiye na maneno mengi. Kila asubuhi alipakia mitungi yangu, akapita kwa jirani zangu watatu kuchukua yao, kisha akayapeleka maziwa yote kwenye kituo cha kupozea.

Mwezi wa Februari ulikuwa wa jua kali. Nyumbani gari liliwaka mara moja. Lakini alipolizima kwa jirani wa tatu ili apakie, akageuza ufunguo tena, stata haikuzungusha injini hata kidogo. Ilisikika sauti ndogo tu, kisha kimya. Akingoja karibu saa nzima, gari liliwaka kana kwamba halikuwa na neno. Tena siku nyingine halikukataa kabisa.

Maziwa nayo hayangoji mtu. Kituoni huchukuliwa kidogo yakachanganywa na spiriti kwa kiasi sawa, na yakishikana mabonge hurudishwa. Katika majuma matatu tulirudishiwa maziwa mara nne, na jirani zangu wakaanza kunung'unika.

Kijana akaniambia, "Mjomba, gari hili likiwa baridi huwaka, likiwa na moto hukataa. Naomba tulichunguze."

Nikamjibu kwa ukali kwamba gari si binadamu hata lichague wakati wa kukasirika. Nilinunua betri mpya, na shida ikabaki. Nilifunguliwa stata, ikatiwa brashi mpya, na shida ikabaki. Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja mjini. Huko tulingoja zamu yetu kwa muda wa saa mbili, na zamu ilipofika gari likawaka mara kumi mfululizo. Fundi akacheka akasema, "Mzee, gari lako ni zima. Mtazame dereva wako."

Neno hilo nililipokea kwa furaha, kwa maana lilinipa mtu wa kulaumu. Nilimwambia kijana kwamba bila shaka huenda na gari usiku kwa mambo yake na kumaliza nguvu za betri. Aliniangalia, akaweka ufunguo juu ya meza, akasema, "Sawa, mjomba." Jioni ile alirudi kwa mama yake.

Siku ya tatu niliendesha mwenyewe. Kwa jirani wa tatu, mitungi ikiwa imekwisha kupakiwa, niligeuza ufunguo. Kimya. Niligeuza tena. Kimya. Jirani yangu alinitazama asiseme neno, nami nikainamisha macho. Chini ya kiti nikaona daftari la shule. Ndani yake kijana alikuwa ameandika kila mara gari lilipokataa: tarehe, saa, mahali, na dakika zilizopita tangu kuzima injini. Zilikuwa mara 11. Katika hizo zote, hapakuwa na hata moja ambayo injini ilikuwa baridi. Na nyingi zilitokea kati ya dakika 10 na 20 baada ya kuzima.

Nililichukua daftari lile nikaenda nalo kwa fundi mwingine, mzee wa makamo. Alilisoma lote kabla ya kuligusa gari. Kisha akasema, "Aliyeandika haya amekwisha kufanya nusu ya kazi yangu. Usiniletee mgonjwa siku aliyo mzima. Niletee wakati wa homa."

Basi tuliliendesha gari hadi injini ikapata moto barabara, tukalizima, tukangoja robo saa. Alinieleza kwamba injini ikizimwa, maji hayazunguki tena na upepo haupiti, kwa hiyo joto la chuma huenea mpaka kwenye stata, ikawa moto kuliko ilivyokuwa safarini. Na nyaya za shaba zilizo ndani yake huuzuia umeme zaidi zikipata moto. Kutoka nyuzi 20 hadi 80 za sentigredi, uzuiaji huongezeka kwa karibu robo.

Nilipogeuza ufunguo, gari likakataa. Mzee akatabasamu, akatoa mita yake. Aliniagiza nitie gea huru na kuvuta breki ya mkono, maana stata ikipewa umeme gari laweza kuruka mbele na kuumiza mtu.

Kwanza alipima betri huku nimeushikilia ufunguo: volti 12.3. Betri haina hatia. Pili alipima kati ya ncha hasi ya betri na mwili wa stata, akaona karibu sifuri, maana yake umeme hurudi kwenye betri bila kizuizi. Tatu alipima ule waya mwembamba utokao kwenye swichi ya ufunguo, uletao amri kwa stata. Hapo mita ilionyesha volti 7.8 tu. Kisha akatwaa waya wenye fyuzi, akapeleka umeme wa betri moja kwa moja mahali pale pa waya mwembamba. Stata ikazunguka papo hapo, ingawa ilikuwa na moto ule ule. Nayo stata haikuwa na hatia.

Akaufuata waya ule nyuma. Kwenye swichi zilitoka volti 11.9. Basi volti nne zilikuwa zikipotea njiani. Karibu na injini, chini ya uchafu wa mafuta na vumbi, palikuwa na kiungo cha plastiki. Alipokifungua, chuma chake kilikuwa na kutu ya kijani, na ubavu mmoja ulikuwa mweusi kwa kuungua. Alikikata, akaunga kipya, akakifunga mbali na joto. Tulipopima tena, waya ulileta volti 11.6. Kazi yote haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya betri niliyoinunua bure.

Nikauliza kwa nini asubuhi gari halikukataa. Akajibu kwamba hata asubuhi volti zilipotea, lakini stata ikiwa baridi hutosheka na kidogo kinachofika. Ikipata moto hutaka zaidi, na kiungo kibovu hakina cha kuongeza.

Ndugu wasomaji, kama gari lako lina ugonjwa wa namna hii, sikiliza kwanza. Stata ikizungusha injini lakini injini isishike moto, hayo ni mambo mengine, kama ya mafuta. Stata isipozungusha kabisa, fuata umeme kutoka betri hadi stata, hatua kwa hatua, wakati ule ule gari linapokataa. Andika saa na hali ya injini. Wala usinunue kitu kipya kabla mita haijakionyesha kile cha zamani kuwa kibaya.

Lilibaki jambo ambalo mita haiwezi kulipima. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa dada yangu, nikamrudishia kijana daftari lake mbele ya mama yake, nikasema, "Nilikukosea. Ulisema kweli, nami sikukusikia." Tumezoea kuwaambia vijana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ndiye aliyevunjika guu kwa kutosikia la mdogo.

Hakunijibu upesi. Alifungua daftari, akauliza, "Ilikuwa nini, mjomba?" Nikamweleza habari ya kiungo, na ya volti 7.8. Akaiomba kalamu, akaandika maneno hayo chini ya ile mara ya 11, kisha akapiga mstari. Jumatatu alfajiri nilimsikia nje akipakia mitungi.