Pombe ya Moshi Kisiwani Islay

Harufu ilitufikia kabla hatujaona ukuta. Tulikuwa tumetoka Port Ellen kwa miguu, mvua ikitupiga ubavuni, kwenye kijia kinachopita viwanda vitatu vya wiski, Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, ndani ya kilomita tano hivi. Rafiki yangu, muuguzi wa Glasgow niliyesoma naye Moshi, alisimama akavuta pumzi mara mbili. "Kaka, hii si wodi hii? Mtu kamwaga Dettol." Mimi nilinusa kitu kingine: jiko la uani kwa bibi, usiku.

Bibi yangu alikuwa anapika gongo. Naweza kuliandika hilo sasa kwa kuwa hayupo, na askari waliokuwa wakija kumwaga mapipa yake wamekwishastaafu. Polisi na magazeti yetu huiita pombe ya moshi. Utotoni jina hilo lilinichanganya, maana kilichokuwa kikipita kwenye bomba la mtambo wake kilikuwa mvuke tu. Islay ndiko nilikokuta pombe ya moshi ambayo moshi wake ni moshi kweli.

Kisiwa chenyewe kiko magharibi ya Uskoti, saa mbili na ushee kwa feri kutoka Kennacraig. Wakazi wake ni elfu tatu na kidogo, viwanda vya wiski karibu kumi. Kondoo sikuwahesabu. Miti ni haba, kwa hiyo tangu zamani watu walichimba udongo wa kinamasi, wakaukausha kwa upepo na kuuchoma badala ya kuni. Wenyewe huuita piti. Kando ya njia tulikuta handaki la kuchimbia, lenye kina cha kufika kiunoni, kuta zake nyeusi zikimeta kama keki iliyokatwa kwa kisu chenye maji. Piti huongezeka milimita moja hivi kwa mwaka. Nilipotumbukiza mguu mle, nilikuwa nimekanyaga mimea iliyokufa yapata miaka elfu moja iliyopita. Niliokota kipande kilichokauka. Ni chepesi kama mkate wa juzi, na nyuzi za mizizi bado zinaonekana.

Kiwanda cha Laphroaig kiko ufukweni kabisa, kuta nyeupe, jina limeandikwa kwa herufi nyeusi kubwa zinazotazama bahari, kwa faida ya meli. Kimekuwapo tangu 1815. Ndani, kwenye sakafu ya ghorofani, shayiri iliyoloweshwa imetandazwa ichipue, na kila baada ya saa chache mtu hupita akiigeuza isishikane. Kwa lugha yetu hicho ni kimea, na yeyote aliyeona ulezi ukianikwa kwa ajili ya pombe hahitaji maelezo zaidi. Kikishachipua hupelekwa chumba cha juu ya moto wa piti, kifukizwe. Nilitafuna punje chache zilizotoka huko. Kwanza tamu, halafu moshi ukapanda puani, kama maziwa ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto.

Wageni walipiga picha sana pale sakafuni. Haki yao. Ila kimea kinachotengenezwa hapo ni sehemu ndogo ya mahitaji. Kingi hutoka kwenye kiwanda kikubwa cha kimea kando ya bandari ya Port Ellen, jengo la kijivu ambalo sikuona mtu akilielekezea kamera. Mwongozaji wetu hakulificha hilo, na kwa ajili hiyo nikamwamini katika mengine.

Kimea husagwa, hukorogwa na maji ya moto, na maji yake huchujwa. Alitupa tuonje. Togwa. Rafiki yangu alisema "togwa" kwa sauti kubwa kiasi kwamba Wajerumani wawili waligeuka. Machicha yake hupewa ng'ombe, kama ambavyo machicha ya kwetu hupewa nguruwe. Halafu hamira, siku mbili na kitu, na togwa inakuwa pombe.

Kisha tukaingia kwenye chumba cha mitungi. Iko saba, ya shaba, mirefu kuliko mtu mara kadhaa, shingo zimepinda kuelekea ukutani. Joto lilinivua koti. Nilisimama nikitafuta tofauti na mtambo wa bibi, nikapata shaba badala ya pipa la bati, na mabomba ya kupoza yasiyovuja. Huku hupika mara mbili. Mwongozaji alieleza kwamba inayotangulia kutoka haifai, inayofuatia mwishoni nayo haifai, huchukuliwa ya katikati tu. Bibi naye ile ya kwanza alikuwa haiuzi. Alikuwa akichulia magoti.

Katikati ya chumba lipo sanduku la shaba na vioo ambamo pombe hupita ikichuruzika, limefungwa kwa kufuli. Kwa miaka mingi ufunguo wake ulikaa kwa ofisa wa ushuru; mpishi aliiona pombe yake kupitia kioo tu. Maana hawa nao walikuwa wapishi wa kujificha, mapangoni na mabondeni, mpaka sheria ya 1823 ilipoweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka na ushuru unaolipika. Maofisa wa Uingereza wa zama za kabla ya hapo walikuwa na kipimo chao cha nguvu: walilowesha baruti kwa pombe, wakaiwasha. Ikiwaka, kali, isipowaka, imetiwa maji. Bibi hakuwa na baruti. Alimimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akawasha kiberiti, mteja akaona mwali wa buluu, biashara ikaisha.

Ghalani ni kimya na baridi. Mapipa mengi hutoka Marekani, ambako sheria inawataka watengeneza bourbon watumie mapipa mapya, kwa hiyo yaliyokwishatumika huuzwa. Pombe huingia humo ikiwa nyeupe kama maji ya kisima, na kwa sheria ya wiski ya Uskoti haiitwi wiski mpaka ilale angalau miaka mitatu. Kila mwaka asilimia mbili hivi huyeyukia hewani. Wao husema ni mgao wa malaika. Hapo ndipo nilipoona umbali wetu na wao. Bibi alipika Alhamisi, Jumamosi ilikuwa imekwisha yote, Jumatatu mama yangu alikuwa shuleni ada imelipwa. Sijui mwenye watoto saba angelisubirije pipa.

Nilinunua chupa moja ndogo, nikaivingirisha ndani ya soksi, nikaifikisha Moshi salama kwa mjomba. Aliikagua, akainusa, akasema imeungua. Kisha akamimina kwenye kifuniko na kuwasha kiberiti. Njiti ikafika vidoleni, akawasha nyingine. Wapi. Nilijaribu kumweleza kwamba kabla ya kutiwa chupani huongezwa maji mpaka ibaki asilimia 40, kiwango cha chini kinachoruhusiwa na sheria.

"Na umelipa shilingi ngapi?" aliuliza.

Nilimtajia. Mjomba alitikisa kichwa, akaninyooshea kifuniko ninywe mwenyewe.