Bangili za Mama

Mama alipofariki mwaka 1996 aliniachia bangili mbili za fedha alizorithi kwa bibi. Zilifuliwa na sonara wa Unguja kutokana na riali za Maria Theresa, zile zinazoonyesha mwaka 1780 hata kama zilipigwa chapa miaka mingi baadaye. Nikihamahama kikazi, nilimkabidhi wifi yangu anitunzie.

Baada ya miaka minne wifi alifungua sanduku, nami nikaona vitu vyeusi kama masizi ya sufuria. Nikatamka neno ambalo hadi leo natamani ningelimeza: "Wifi, hizi si za mama. Hili ni bati." Hakujibu. Nilizichukua nikaondoka, na mwaka mzima tukasalimiana kama watu wasiojuana.

Ndugu msomaji, fedha haili kutu kama chuma. Chuma huharibiwa na maji na oksijeni. Adui wa fedha ni salfa, iliyomo katika moshi wa makaa ya mawe, katika yai viza, katika kitunguu, katika sufu na mpira. Ikiigusa fedha hufanya utando wa salfaidi, kwanza wa manjano, kisha wa hudhurungi, mwishowe mweusi. Tena riali ina sehemu 833 tu za fedha katika 1000; zilizosalia karibu zote ni shaba, nayo huharakisha weusi. Na wifi, kwa mapenzi yake, alikuwa amezivingirisha kitambaa cha sufu na kuzikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Maskini, alizifungia ndani ya salfa!

Hayo nilielezwa na mpangaji mwenzangu, mwalimu wa kemia, nikiwa nimekwisha kuisugua bangili moja kwa mchanga na majivu, nikilitafuta bati langu, mpaka nakshi zikafutika. Ule weusi ulikuwa fedha yenyewe iliyoungana na salfa, na mchanga hauchagui cha kukwangua. Ya pili tuliilaza juu ya karatasi ya alumini ndani ya bakuli, tukamimina maji ya moto yenye magadi na chumvi. Alumini huipokonya fedha ile salfa, na fedha hubaki mahali pake. Bakuli lilinuka yai bovu, na nakshi zikajitokeza moja moja.

Bangili hiyo nilimpelekea wifi. Aliitazama kwa muda mrefu, akaivaa, kisha akaniuliza kama nimekula.