Hotuba Niliyorudi Nayo Nyumbani

Wapendwa vijana, nataka kuwasimulia jioni moja ya Jumamosi hapa Kolwezi. Niliiendea nikiwa na hotuba tayari moyoni, nikarudi nayo nyumbani bila kuitoa.

Rafiki yangu na mimi tuliimba pamoja katika kwaya ya parokia tangu utoto. Mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye akateremka mashimoni. Mnayajua mashimo ninayoyasema. Tangu mwaka 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za watu katika mtaa wa Kasulo, vijana wengi wa mji wetu wamejifunza kusoma udongo kabla ya kumaliza kusoma vitabu. Miezi ilipita bila kumwona kanisani. Aliponialika chakula cha jioni, nilijiambia: huu ndio wakati wa kumwonya. Nikapanga maneno yangu kama somo la darasani: hatari ya mashimo, fedha inayoishia katika pombe, mama yake anayezeeka kwa hofu.

Tulikaa nje, chini ya turubai, katika mkahawa mdogo kando ya barabara wanakopita malori ya madini. Bendi ya watu wanne ilikuwa ikipiga muziki kwa kishindo. Rafiki yangu aliagiza bukari, sombe na samaki wa kukaanga, kisha sahani ya michopo yenye pilipili. Niliitazama ile nyama nikahesabu ni siku ngapi ningefundisha ili kuilipia. Hesabu hiyo nayo nikaiongeza katika hotuba yangu.

Nikafungua kinywa. Papo hapo umeme ukakatika. Vipaza sauti vikanyamaza, watu wakaguna, mhudumu akaleta mishumaa. Ndipo mzee mmoja wa bendi alipoweka kando gitaa lake la umeme, akachukua gitaa kavu, akapiga kwa namna ya wazee wetu: kidole gumba kikishika besi, kidole cha shahada kikiimba, hata ungedhani magitaa ni mawili. Hiyo ndiyo namna iliyomfanya Jean-Bosco Mwenda ajulikane mbali. Alizaliwa Bunkeya, katika jimbo letu hili la Lualaba. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na baadaye wapiga gitaa wa Nairobi wakajifunza kwake.

Gitaa kavu halina nguvu ya kushindana na makelele. Ili tumsikie yule mzee, ilitubidi sote tunyamaze. Nami nikanyamaza.

Katika kimya hicho rafiki yangu akaanza kusema, taratibu, macho yake yakiutazama mshumaa. Alisema kwamba shimoni mtu humjua mwenzake kwa masikio: mlio wa nyundo yake, kikohozi chake, mvuto wake wa kamba. Majuma matatu yaliyopita, mlio mmoja ulikoma. Udongo ulikuwa umeshuka. Walichimbua kwa mikono hadi alfajiri, wakamtoa mwenzao akiwa amekwisha kufa. Baada ya mazishi madini yakauzwa, na kikundi kikamkabidhi yeye fungu la marehemu ili alipeleke kwa mama yake.

“Bahasha iko chini ya godoro langu,” alisema. “Kila asubuhi naichukua, nafika kwenye kona ya kwao, narudi. Mimi ndiye niliyemwita kazini. Nitamwambia nini yule mama? Nimekuita hapa ili nikuombe, ndugu yangu: kesho baada ya Misa, unisindikize.”

Umeme usingalikatika, ningalimtangulia kusema. Maneno yangu yote yangalikuwa ya kweli, na bahasha ingalibaki chini ya godoro.

Katika njia ya Emau, Bwana alijua yote yaliyotukia Yerusalemu. Hata hivyo, kwanza aliwauliza wale wawili walikuwa wakizungumza nini, akawaacha waseme huzuni yao mpaka mwisho, ndipo akawafafanulia Maandiko. Mimi nilitaka kuanzia kwenye ufafanuzi.

Siku iliyofuata tulikwenda. Mama yule aliipokea bahasha kwa mikono miwili, asiifungue. Aliuliza jambo moja tu: kama mwanawe alikuwa peke yake. Rafiki yangu akajibu, “Hapana, mama. Nilikuwa karibu. Nilimsikia.” Mama akalia, kisha akainuka kwenda jikoni, akatuletea bukari na mboga. Hatukuthubutu kukataa. Tulikula sote watatu katika sahani moja.

Rafiki yangu bado anachimba. Hotuba yangu bado ninayo, na huenda siku yake itafika, kwa maana hatari ni ya kweli na rafiki hana ruhusa ya kuifumbia macho. Lakini nitakapoisema, nitakuwa najua ninasema na nani.

Nanyi vijana, mtakapokutana juma hili, mwulizane: katika kikundi chetu ni nani ambaye tumekwisha kumwandalia mawaidha, nasi hatujamwuliza lolote? Mwalikeni mle pamoja. Si lazima pawe na nyama.