Karani wa Mizani na Watu wa Rika Lake

Maisha ya kazi yanayosimuliwa hapa ni ya karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika katika kata ya Ndandalo, wilayani Kyela, yaani chama ambamo wakulima hukusanya kakao yao ili iuzwe kwa pamoja mnadani, na swali lililoyatawala ni jinsi mtu anavyopanda cheo katikati ya ndugu na rika lake bila kuwa na nyuso mbili.

Swali hilo ni kongwe Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa ambamo Kyela imo. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, walikuta vijiji vya rika, yaani vijana wa umri mmoja walitoka kwa wazazi wao, wakajenga pamoja na kuzeeka pamoja. Katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, Monica alieleza ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza na wenzako, na pia hofu ya pumzi ya watu, nguvu iliyoaminika kumletea maradhi mtu aliyewaudhi majirani, hata kwa kula peke yake. Wapo wanaoiona hofu hiyo kuwa wivu mtupu. Karani huyu, aliyelelewa na wazee walioiamini, aliona ndani yake dai la haki, kwamba anayefanikiwa abaki akijulikana na wenzake.

Kakao huvundikwa chini ya majani ya migomba kwa siku tano au sita, ikigeuzwa ili joto lienee, kisha huanikwa. Lakini mkulima anayedaiwa ada hujikuta akiuza njemke, yaani kakao mbichi, kwa bei ya kutupa. Watu wa rika la karani waliopata mtaji kwa kununua njemke hiyo walimwita waungane, naye aliwakatalia waziwazi, bila kusingizia ukata, na hakuacha kula nao.

Mezani pake palikuwa na kisu kidogo cha kupasulia punje. Iliyovundika vema huwa ya kahawia, yenye nyufa ndani. Isiyovundika vema huwa ya zambarau, imeshikamana. Mjomba wake alipoleta gunia la punje za zambarau, karani alimwamkia shikamoo kama nyumbani, akazipasua mbele ya foleni nzima, akamwonyesha, akamrudishia gunia lake. Jioni alikwenda kwa mjomba huyohuyo kula wali, na hapo ndipo ilipokuwa kazi ngumu zaidi ya siku, kwa sababu kukataa mzigo kunahitaji kanuni tu, ilhali kuketi mkekani na uliyemkatalia kunahitaji moyo.

Mwaka 2024, mavuno haba ya Ghana na Côte d'Ivoire yalipoipandisha bei ya dunia ikapita dola 10,000 kwa tani, karani alikuwa tayari meneja wa chama, na wengi walitarajia awanong'oneze bei mapema. Aliisoma hadharani pamoja na makato yote, kwa Kiswahili na Kinyakyusa, na aliyeuliza maswali mengi kuliko wote alikuwa mjomba.