Nusu Saa ya Kupanda Kusatsu

Kutoka stesheni ya Naganohara mpaka mji wa Kusatsu, mkoani Gunma, Japani, basi hupanda mlima kwa muda wa nusu saa hivi. Nilipita njia hiyo Oktoba 1986. Nimesafiri masafa marefu zaidi maishani, lakini safari iliyonikaa moyoni ni ile, na sasa nimestaafu na macho yameanza kuchoka, nataka niiandike kabla haijafifia.

Nilikuwa muuguzi katika kituo cha tiba ya ukoma mkoani Dodoma. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulikuwa umeanza 1977, na miaka ile ya themanini tulikuwa katika kazi nzito yenye furaha. Dapsoni peke yake, ambayo mgonjwa aliimeza miaka nenda miaka rudi, ilikuwa inapisha dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981. Watu waliozeekea kambini walikuwa wakirudi makwao. Ndipo nikapelekwa Japani kwa mafunzo, na mwenyeji wetu, mama wa Kijapani aliyekuwa muuguzi mstaafu, akasema hatuwezi kuondoka nchini kwake bila kuiona Kusatsu. Tulikuwa naye wawili: mimi na mganga mmoja kutoka Uganda, aliyejifunza Kiswahili jeshini, ambaye hakuniita kwa jina hata siku moja, nilikuwa Sista tu.

Basi lilikuwa la shirika la reli la taifa, ambalo wakati huo lilikuwa bado mali ya serikali. Dereva alivaa kofia ya sare na glavu nyeupe. Kila alipokaribia kona kali alisema neno kwenye kipaza sauti, taratibu, akituomba tushike vizuri. Nilizoea mabasi ambayo utingo hupiga bodi kwa kiganja na abiria hujishikia wenyewe, kwa hiyo heshima ile ilinigusa. Mbele yetu walikaa vikongwe watatu na mafurushi yao ya kitambaa magotini, wakipiga soga. Nje milima ilikuwa myekundu na ya manjano kwa majani yanayongoja kupukutika. Chini kabisa bondeni uliona paa za nyumba, kisha basi likazunguka na paa zikatoweka.

Kabla hatujauona mji tulisikia harufu yake. Mganga alifungua kidirisha, akakifunga upesi.

“Sista, kuna yai viza hapa.”

Nikamwambia mimi ni mtoto wa Tanga, harufu hiyo naijua tangu utotoni. Pale Amboni kuna chemchemi za salfa ambazo watu wanaziita Galanos, na wenye upele na miguu inayouma huenda kuoga. Salfa ni ileile. Mwenyeji wetu alipotafsiriwa alifurahi sana, akaniuliza maswali mengi kuhusu Amboni, mpaka basi likasimama kituoni.

Kusatsu iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, chini ya volkano ya Shirane, na kitovu chake ni maji yanayofuka. Hutoka ardhini maelfu ya lita kila dakika, yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 50, yakapitishwa kwenye mifereji saba ya mbao ili yapoe na unga wa salfa utuame ukusanywe. Tindikali yake ni kali hata msumari wa chuma hulika. Zamani mto Yukawa, unaoyapokea, haukuwa na samaki, na saruji ya madaraja ilimomonyoka. Tangu miaka ya 1960 serikali inamwaga chokaa mtoni humo usiku na mchana ili kuivunja nguvu ile tindikali. Tulionyeshwa pia wanawake waliosimama kando ya birika wakiyakoroga maji kwa mbao ndefu, huku wanaimba kwa pamoja. Hawayapoozi kwa maji baridi, kwa sababu wanaamini yakichanganywa hupoteza uwezo wa kuponya.

Nilioga. Kwa mwanamke wa pwani aliyelelewa kujistiri, kuvua kila kitu mbele ya wageni si jambo dogo, lakini utaratibu ulinisaidia: unaketi kwenye kigoda, unajisugua, unajisuuza mpaka unatakata, ndipo unaingia birikani. Walionikuta humo walisogea kunipa nafasi na hakuna aliyenikodolea macho. Maji yalinichoma, kisha yakanilegeza.

Tulipotoka, nywele zetu bado mbichi, mwenyeji wetu alituketisha kwenye benchi akatusimulia jambo alilotuleta kulisikia. Maji haya yaliua vijidudu vya ngozi, na sifa yake ya kutibu vidonda ilienea Japani nzima. Kwa hiyo kwa karne nyingi watu wenye ukoma walikuja Kusatsu. Wenye nyumba za wageni na waendesha usafiri waliwakataa, hivyo wengi waliupanda kwa miguu mlima uleule tulioupanda sisi tukiwa tumeketi vitini. Mwishoni mwa karne ya 19 mji ulipoanza kutafuta wageni wenye fedha, walitengwa katika kitongoji cha Yunosawa, upande wa chini, kando ya mto.

Lakini Yunosawa haikuwa gereza, na hapo ndipo alipopandisha sauti. Walikuwa na nyumba zao, maduka yao, nyumba zao za wageni. Walioana, wakazaa. Mwaka 1916 alihamia huko mmisionari Mwingereza, Mary Cornwall Legh, karibu na umri wa miaka 60, umri ambao wengine hutafuta kivuli wapumzike. Alianzisha kanisa, makazi, shule na zahanati. Daktari wake wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kijapani, Hattori Kesa, aliyefariki 1924 akiwa bado kijana. Mimi niliyefanya kazi hii najua ilimaanisha nini kufunga vidonda vile wakati hakuna dawa ya kuponya.

Kisha siasa ya nchi ikabadilika. Wakubwa walitaka taifa “safi”, na kila mwenye ukoma aondolewe machoni pa watu, hata aliyekuwa anajitegemea. Mwaka 1932 serikali ilifungua makazi ya Kuriu Rakusen-en msituni, nje ya mji. Yunosawa ikavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 na waliobaki wakahamishiwa huko.

Tulikwenda huko kwa teksi. Ni mwendo mfupi tu. Nyumba safi za ghorofa moja, bustani zilizopaliliwa, maji ya moto yaliyovutwa kwa bomba. Wazee walitukaribisha kwa chai. Nilipoona mikono yao niliona mikono ya watu wangu wa Dodoma, vidole vilevile vilivyokunjika. Mzee mmoja alikuwa kipofu, na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, havihisi nukta za maandishi ya vipofu. Alikuwa anasoma kwa ulimi. Alishika kitabu karibu na uso, akaupitisha ulimi mstari kwa mstari, na alipomaliza ukurasa aliufuta kwa kitambaa, akafunua mwingine. Tuliambiwa wanaoanza hutoka damu ulimini. Hakuwa peke yake. Wapo vipofu kadhaa wa makazi yale waliojifunza hivyo, na wengine walikuwa watunzi wa mashairi. Katika miaka yangu yote ya uuguzi sijapata kuona mtu anayeitaka elimu kwa bidii kuliko yule mzee.

Baadaye tulionyeshwa, kati ya miti, misingi ya zege. Pale palikuwa na jengo la vyumba vya adhabu, lililotumika kati ya 1938 na 1947. Waliopeleka wagonjwa humo ni wakuu wa makazi kutoka kila upande wa Japani, bila kesi wala hakimu. Watu 93 walifungiwa humo, gizani, katika baridi kali ya mlima ule, na 23 wakafa.

Mganga alikuwa kimya muda mrefu. Ndipo akamuuliza mwenyeji wetu dawa ilifika lini Japani. Promin, alijibu, mwishoni mwa miaka ya 1940.

“Na sasa hawa waliopona wanangoja nini?”

“Wanangoja sheria,” mama yule alisema. “Na ndugu zao.”

Sheria ya kuwatenga ilikuwa imeandikwa upya 1953, dawa ikiwa tayari mkononi, na mwaka ule wa 1986 ilikuwa bado inasimama. Sisi, nchi maskini, tulikuwa tunafungua milango ya kambi watu watoke. Wao, wenye treni za kasi kuliko zote tulizopata kupanda, walikuwa hawajafungua. Sisemi haya kwa kujisifu. Unyanyapaa wa kwetu naujua, nimewaona watu wakifukuzwa kisimani. Ila pale nilielewa kwamba utajiri na elimu haviondoi hofu vyenyewe. Lazima mtu ainuke aiondoe.

Mwaka 1995 zilianza kutolewa bure duniani kote dawa mseto zilizogharimiwa na Nippon Foundation, shirika la hisani la Kijapani. Nilikuwa bado kazini. Nilipozigawa kwa wagonjwa nilijua kuwa katika nchi ya mfadhili huyo sheria ile haijafutwa. Ilifutwa Aprili 1996. Miaka miwili baadaye wakazi wa makazi kama yale waliishitaki serikali, na kati ya waliowaongoza alikuwemo mshairi Kodama Yuji wa Rakusen-en. Mei 2001 mahakama ya Kumamoto iliamua kuwa serikali ilivunja katiba, na Waziri Mkuu Koizumi akatangaza kwamba hatakata rufaa. Habari hiyo niliisikia redioni, nikapiga kigelegele peke yangu jikoni.

Fidia ililipwa na milango ilikuwa wazi, lakini wengi hawakuondoka. Walioingia wakiwa watoto walikuwa na miaka sabini, themanini. Walikuwa wamebadilisha majina ili wasiwaaibishe wazazi. Waliotaka kuoana humo makazini, mwanamume alifungwa uzazi kwanza. Na mwanamke aliyeshika mimba, mimba ilitolewa. Hawana mwana wala mjukuu wa kuwapokea. Hata majivu yao hubaki katika nyumba ya majivu ndani ya makazi, kwa sababu aghalabu hakuna ndugu anayekuja kuyachukua. Jumba la makumbusho ya vile vyumba vya adhabu lilifunguliwa hapo 2014. Anayekwenda Kusatsu kuoga na afike na huko. Kutoka mjini ni karibu.