Atakaye Kuruka Aanzie Chini

Sisi wa Ukonga tunaishi chini ya ndege kama wengine wanavyoishi chini ya minazi. Kiwanja cha ndege cha Julius Nyerere ki jirani yetu, na ndege inaposhuka, mtu aliye katikati ya maneno hunyamaza ipite, ndipo amalize. Hata mimi ofisini, ninapoandika vyeti vya ubatizo, nimezoea kuinua kalamu na kungoja. Basi si ajabu vijana wa huku wakiota kuruka. Ajabu ni kwamba siku hizi iko namna ya kuruka ambayo bei yake ni kama ya gari kuukuu, na chombo chenyewe hubebwa mgongoni.

Habari hizo aliniletea mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Yeye ni dereva wa bodaboda hapo Gongo la Mboto, kijana mwangalifu, na kwa miaka mitatu alikuwa amejiwekea akiba ya shilingi 4,200,000 katika chama cha kuweka na kukopa. Jioni moja alikuja na simu mkononi, akanionyesha mtu anayeelea juu ya bahari, akaniambia, “Kaka, nimeona kazi.” Alitaka kununua chombo hicho, apige picha za harusi na za mahoteli ya ufukweni. Fedha zilizopungua angekopa chamani, shilingi 6,000,000, na mdhamini wa mkopo ningekuwa mimi.

Kwanza niwaeleze ni kitu gani, kwa maana kule kwetu Matombo hata jina lake halijafika. Chaitwa paramota. Juu kuna bawa la kitambaa cha nailoni, refu kama mita 10 toka ncha hadi ncha, limeshonwa vifuko vifuko vilivyo wazi upande wa mbele. Upepo ukiingia vifukoni, bawa hujaa na kukakamaa, kama foronya ukiishika mdomo wazi penye upepo. Kutoka bawani zashuka kamba nyembamba nyingi hadi kwenye mikanda aliyovaa rubani. Mgongoni amebeba injini ndogo ya petroli, pamoja na panga boi lililozungushiwa vyuma kama feni ya mezani, na mzigo huo wote una kilo 20 hadi 30, yaani debe la mahindi na zaidi. Magurudumu hakuna. Rubani hukimbia akielekea upepo, bawa linapanda juu ya kichwa chake, anaongeza moto, na baada ya hatua kadhaa miguu haipati tena ardhi. Huenda mwendo wa kilomita 40 au 50 kwa saa, na hula lita 3 au 4 za petroli iliyochanganywa na oili kwa saa hiyo.

Asili ya mchezo huu ilinifurahisha kuliko mambo mengine yote. Bawa la namna hiyo lilibuniwa mwaka 1964 na Domina Jalbert, mtengenezaji wa vishada huko Marekani. Mwaka 1978, katika kijiji cha Mieussy, Ufaransa, marubani watatu wa miavuli, Jean-Claude Bétemps, André Bohn na Gérard Bosson, walichoka kulipia ndege ya kuwapandisha juu kila walipotaka kufanya mazoezi ya kutua. Wakaenda mlimani, wakafungua miavuli yao, wakakimbia mteremkoni, wakaruka. Mwaka 1980 Mwingereza mmoja, Mike Byrne, akatia injini. Mnaona, basi, kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa na watu waliokuwa wakibana matumizi. Na hao hawakubana kwa kununua ndege mbovu. Walichoacha ni ndege yenyewe, wakabaki na bawa walilolijua vema na mteremko wa bure.

Sasa hesabu. Vyombo vipya, yaani bawa, injini, mikanda na kofia ngumu, hufika dola 8,000 hadi 12,000. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi milioni 20 hadi milioni 30, nauli ya meli na ushuru wa bandarini bado. Vilivyotumika huenda vikapatikana kwa nusu yake. Mdogo wangu alikuwa ameona vya nusu ya nusu, na hapo ndipo ualimu wangu ulipoamka. (Nilisomea ualimu Morogoro, ingawa ajira niliyopata ni ya ukarani.) Nailoni huliwa na jua. Bawa lililokaa sana juani huanza kupitisha hewa, na kwa macho huwezi kujua, lang’aa vilevile. Kuna kifaa cha kupimia, na yuko fundi wa kuvuta kamba moja moja aone kama zinahimili. Bawa lisilo na cheti cha upimaji huo ni kama ng’ombe anayeuzwa usiku.

Alipoona hivyo akaja na shauri la pili. “Basi kaka, bawa tununue zuri, injini nitatoa kwenye pikipiki.” Msicheke. Wako vijana wengi wenye wazo hilo, na si wajinga. Mwaka 1903 akina Wright, waliokuwa mafundi wa baiskeli, walijitengenezea injini yao wenyewe. Lakini injini ya bodaboda imeundwa kwa kuvumilia. Ni nzito peke yake kama paramota nzima, na nguvu yake ni ya farasi 10 au 12 tu. Injini ndogo kabisa za paramota, za ukubwa wa sisi 80, zina kilo 12 hivi na hutoa nguvu ya farasi 15. Mtu mzima huhitaji kusukumwa kwa nguvu ya kilo 50 au zaidi ndipo apae. Ya pikipiki itamkimbiza uwanja mzima pasipo kumnyanyua, au itamnyanyua mita tatu na kumwachia papo hapo, na hilo la pili ndilo baya.

Nikakataa kutia sahihi mkopo. Sikukataa kwa sababu ya kuruka, nilikataa kwa sababu ya mpangilio wa fedha: milioni 10 zote ziende kwenye vyuma, na isibaki hata senti ya kumlipa mwalimu. Hatukusemezana majuma mawili.

Aliyetupatanisha ni Mama. Alipiga simu kutoka Matombo, maana maneno hufika huko upesi kuliko basi. Nikamwamkia, akaitika, kisha akauliza, “Hiyo injini ikizimika huko juu?” Nikamweleza kwamba hapo hakuna hofu kubwa. Bawa halishikwi hewani na injini, hushikwa na mwendo; injini ikizimika, huteleza likishuka polepole, na kwa kila mita moja ya kushuka husonga mbele mita saba hivi. Mtu aliye mita 300 juu ana kilomita mbili za kutafuta pa kutua. “Na ikizimika juu ya bahari?” Hapo nilinyamaza, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Akiangukia majini, mikanda na kamba humfunga na injini humvuta chini, na kuogelea hakumsaidii. Na picha aliyonionyesha mdogo wangu ilikuwa ya juu ya bahari.

Yako na mengine yanayoumiza watu, na karibu yote si ya ufukara wa chombo bali ya haraka ya mtu. Panga boi hukata mikono ya anayewasha injini akiwa ameiweka chini bila kuishikilia vizuri. Nyaya za umeme hazionekani kutoka juu. Nyuma ya miti na majumba upepo huvunjika na kuzunguka kama maji nyuma ya jiwe mtoni. Saa za mchana ardhi ikipata moto, hewa hupanda kwa vishindo. Kwa hiyo wanafunzi huruka saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza, au mbili za mwisho kabla halijazama. Mvuvi wa pwani yetu, anayejua upepo wa alfajiri na ule wa alasiri utokao baharini, angemwelewa mwalimu wa paramota siku ya kwanza.

Nikamwita mdogo wangu, tukaketi na karatasi. Mwenye fedha chache, nilimwambia, aanze na kile kisichokula petroli. Karibu nusu ya ufundi wa paramota hufundishwa ardhini bila injini: kulitandaza bawa, kuliinua, kulisimamisha juu ya kichwa, kulituliza likiyumba, kulilaza pasipo kulitazama. Mtu hufanya hivyo saa nyingi, siku baada ya siku, mpaka mikono ijue kabla ya kichwa. Hapo hahitaji bawa lake mwenyewe, anahitaji la mwalimu. Injini ndiyo ya mwisho kununuliwa. Na akigundua baada ya juma moja kwamba moyo wake hauwezi, atakuwa amepoteza nauli na ada, lakini pikipiki yake ingalipo.

Kisha sheria. Wanaosoma habari za ng’ambo husikia kwamba Marekani, tangu mwaka 1982, mtu huruka peke yake kwa chombo chepesi pasipo leseni. Ni kweli, lakini hata huko haruhusiwi juu ya miji, wala karibu na viwanja vikubwa pasipo ruhusa. Hapa kwetu anga ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo hata kidege kidogo cha kupigia picha hukitaka kiombewe kibali. Tena tazameni Ukonga yenyewe: kiwanja cha ndege upande huu, gereza upande ule, kambi ya jeshi upande wa tatu. Mtu akiinuka hapa na mwavuli mwekundu bila ruhusa, sijui nani kati ya hao watatu atamfikia kwanza. Na kuruka kwa kulipwa ni jambo jingine tena, lina masharti yake. Zile harusi na mahoteli si mwanzo, ni mbali sana mbele. Kwa picha tupu, nilimwambia wazi, hicho kidege kinachoongozwa kutoka chini ni rahisi zaidi, na hakimwagi damu ya mtu kikianguka.

“Kaka,” akanijibu, “picha ilikuwa sababu ya kukuambia wewe. Nataka kuruka.”

Jibu hilo nililipenda, kwa kuwa lilikuwa la kweli, nasi tukaanza kutafuta mahali. Penye jina katika Afrika Mashariki ni Iten, Kenya, juu ya Bonde la Kerio. Mji umekaa ukingoni, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mbele yake ardhi huporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi chini bondeni. Miezi ya kiangazi, Januari hadi Machi, marubani wa mabawa yasiyo na injini huja hapo kutoka nchi za mbali, na mgeni anaweza kuruka akiwa amefungwa pamoja na rubani. Wengi wenu mmesikia jina la Iten kwa sababu ya mbio: Bruda Colm O’Connell wa Ireland alifika hapo katika shule ya Mtakatifu Patrick mwaka 1976, akafundisha wakimbiaji waliokuja kuwa mabingwa wa dunia. Ni mji uliozoea watu wanaojifunza polepole.

Tumepatana hivi. Akiba ya milioni 4 na laki 2 haiguswi ila laki 9, za nauli, chakula, malazi na kuruka mara moja na rubani. Akipata mwalimu huko wa kumshikisha bawa ardhini, tutazungumza juu ya laki nyingine. Mkopo hakuna. Pikipiki hakuna kuuza. Mama ameongeza sharti lake, kwamba shamba la Matombo lisitajwe kabisa katika habari hizi. Basi la Nairobi, kisha la Eldoret, kisha matatu mpaka Iten. Amekwisha kupiga picha za hati ya kusafiria, na fomu nimemjazia mimi kwa kalamu ya ofisini, kwa kuwa mwandiko wake hausomeki.